Waliomkalia Kanali

Upole wa Léocadie huwa unaniudhi. Tunatunza wazee pamoja huku ughaibuni, mtaa wa Quakers Hill, na mzee akimtukana, yeye humwambia pole na kumfuta mdomo. Mimi Theresia, Mngoni wa Songea, siwezi hata kidogo.

Mwenye moto ni mdogo wake, Nsimire, fundi cherehani kwao mashariki mwa Kongo. Mji wao umeshikwa na kanali mmoja anayetawala kwa bunduki. Kanali aligawa vitenge vyenye sura yake, akaamuru wanawake wavishone wakamshangilie uwanjani. Haya! Nsimire akawashonea wenzake sketi, sura ya bwana mkubwa akaiweka makalioni. Siku ya siku wakafika, wakamkalia. Wakaambiwa wasimame wapige makofi. Thubutu! Hakunyanyuka hata mmoja. Askari wakawazoa wote, wakawatupa ndani.

Léocadie, mpole yuleyule, akarekodi sauti nyumbani kwake Guildford, akimlaani Kanali. WhatsApp ikaifikisha mpaka kwao. Haukupita muda, ofisa wa Kanali akampigia: arekodi upya, amwombe Kanali radhi, ndipo mdogo wake atoke akiwa mzima. Hilo neno "mzima" alilivuta.

Akanijia analia. "Kabla hajaenda uwanjani, Nsimire alituapisha ndugu zake tusiombe radhi, hata akifia mule."

"Shauri yake. Maiti haishoni. Rekodi!"

Binti wa Léocadie, Aline, aliyekuja naye, akamsihi kwa Kiingereza asifanye hivyo. Nikamfukuza sebuleni, mtoto anajua nini? Léocadie akarekodi. Simu nikamshikia mimi.

Kesho yake Nsimire akaachiwa. Nilipiga vigelegele, nikapika pilau. Tulikuwa tunakula alipopiga kwa video. Kichwa kimenyolewa, mdomo umevimba. Hakusalimia.

"Yaya," akamwita dada yake, "sauti yako waliileta mule ndani, wakaifungulia kwenye spika. Wenzangu wakasema, kama dada wa Nsimire ameomba radhi, sisi tunang'ang'ania nini? Wakaomba radhi wote."

"Si ndiyo wametoka?" nikadakia.

"Nimetoka peke yangu. Wao wamepakiwa kwenye lori, hatujui wamepelekwa wapi." Akageuza simu tuone mlango wake. Watoto walijaa kizingitini, wengine wamebebana. "Wanaulizia mama zao. Niwaambie nini, yaya?"

 Léocadie alinigeukia mimi, akanitazama.