Salamu za Adolphine Barazani

Adolphine alifika kwenye kikao cha baraza la jiji la Louisville akiwa hajalala. Jiji lilitaka kufuta basi la jioni liendalo kwenye maghala, na pasipo basi hilo mjane huyu wa Kivu, Kongo, asiye na gari, angepoteza kazi. Kanisani walimwambia aombe. Aliomba, kisha akaenda pia kwa muungano wa Walatino, wahamiaji wasemao Kihispania, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Hao walikwisha kulibana jiji mpaka likaweka wakalimani kwenye zahanati.

Kiongozi wao, Marisol, aliyewahi kufunga maboksi naye meza moja, alimwonya kwamba kila msemaji ana dakika mbili tu. Adolphine akaitika. Lakini tangu lini mtu mwenye adabu akaingia nyumba ya watu na kuanza na shida zake?

"Bon, mwenyekiti, na bamama na bapapa bote benye kuwa hapa, tunabasalimia mu jina ya Yesu," alisema kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani, na Claris, mkalimani Mkenya, akatafsiri. Akaishukuru Amerika kwa kumpokea. Akawaulizia habari za watoto wao. Akaomba radhi kwa kuwachosha. Kengele ikalia, kipaza sauti kikazimwa, na basi halijatajwa hata kidogo.

Marisol, ambaye zamu yake ndiyo iliyofuata, akasimama. "Dakika zangu mpeni yeye."

"Mukitosha basi, mukiiondoa, kazi yangu inaisha," Adolphine akasema, safari hii bila kumwamkia mtu. "Minafunga maboksi ya bitu byenu usiku yote. Donc batoto bangu batakula nini?"

Wajumbe wakapiga kura. Basi likaponea chupuchupu.

Kituoni, kwa Kiingereza chao cha ghalani, alimuuliza Marisol kwa nini hakusema mwenyewe, na maneno anayajua.

"Miaka yote hii nasema mbele yao, dada. Nikisimama tu, wanatazama simu. Wewe bado hawajakuchoka." Marisol akavua viatu, akajisugua nyayo. "Mwezi ujao ni habari ya kodi za nyumba. Utakuja?"

Adolphine alikuwa ametazamia furaha, akapata uchovu tu. Alitaka kukataa. Alikuwa na zamu ya kuingia, watoto, na mgongo unaouma. Akautazama uso wa mwenzake, akauona uchovu wake mwenyewe, ila wa zamani zaidi.

"Nitakuja," akasema, akapanda basi kwenda kazini.