Kilomita Nane Zinatosha

Gadi mzee wa treni ya makumbusho hutoboa tiketi taratibu, kisha hupuliza vile vipande vya karatasi vidoleni. Kamati ya makumbusho ilipomuuliza kama reli irefushwe, alicheka. "Kilomita nane zinatosha, wanangu. Mtoto ashuke analilia kurudia, asishuke anauliza tutafika lini." Wakaandika. Lakini kila treni ifikapo mwisho wa reli, abiria wakishuka kupiga picha, yeye hubaki mlangoni akitazama kichaka kilichoimeza njia ya zamani. Hutoa saa mfukoni na kusubiri dakika kumi na moja, zile zile ambazo treni ya zamani ilitumia kutoka hapa hadi stesheni ya nyumbani kwake. Zikitimia hukunja bendera na kusema kwa sauti ya chini, kama anayebisha hodi, "Mama watoto, nimerudi."