Orodha Iliyoishia kwenye S

Nilipomaliza darasa la saba nilikuwa naota kuendesha ndege. Nikapata kuendesha kompyuta, na wala sikulalamika. Ilikuwa ya shirika la umma, hapo karibu na soko la Kariakoo, kubwa kama makabati sita, na kazi yangu ilikuwa kuilisha kadi za matundu zenye maagizo yake. Kila programu ilitanguliwa na kadi ya kuiwekea mpaka: kumbukumbu yako ni kiasi hiki, basi. Ikizidisha, mashine inaikata palepale.

Mwaka ule mto Msimbazi ulifurika, mtaa wa Jangwani ukalala majini. Bibi mmoja mjane wa huko akahamia chumba cha uani pale tulipopanga. Kwao kusini, Lindi, hakubakiwa na mtu.

"Nikipata mgawo wa unga nabaki," aliniambia. "Nikikosa, narudi kukaa na makaburi."

"Orodha ya mgawo tunaitoa sisi kwa kompyuta, bibi. Wewe lala."

"Na hiyo mashine yenu inakula nini?"

"Kadi."

"Afadhali yake."

Siku ya orodha, msimamizi akataka ripoti ya mkurugenzi ipite wakati uleule. Nafasi haikutosha zote mbili. "Ya orodha ipunguze, ndugu," akaniambia. Nikabadilisha kadi ya mpaka. Programu ilikuwa inabeba kila kaya kichwani huku ikichapa majina kwa alfabeti. Ilipofika kwenye S ikajaa, ikakatwa. Nikamwambia msimamizi.

"Waliobaki wiki ijayo," akasema, akagonga muhuri. Karatasi zikaenda hivyohivyo kwenye duka la ushirika la kugawia unga, bila neno kwamba zimepungua.

Jina la bibi lilianza na Z.

Duka lilipofunguliwa, karani alishusha kidole mpaka mstari wa mwisho. "Jina lako halimo, bibi."

"Nilitia dole gumba nilipoandikishwa, mwanangu. Tafuta vizuri."

"Kompyuta haikosei," akasema balozi wetu wa nyumba kumi. "Labda kule Jangwani hukuwa na nyumba."

"Mlanguzi huyo," mtu akacheka nyuma kwenye foleni.

Nilikuwa ubavuni pake, nimemshikia kikapu. Nikaifikiria kazi yangu, nikamvuta mkono tukaondoka. Njiani nilimwambia asubiri kidogo.

"Nisubiri nini, mjukuu wangu? Wameshasema simo."

Wiki iliyofuata orodha ilipewa nafasi yake, ikachapwa mpaka Z, na jina lake likiwemo. Nilikimbia nyumbani kumwambia. Mama mwenye nyumba alikuwa anafagia chumba cha uani. Bibi alikuwa amepanda basi la Lindi tangu juzi, na aliniachia salamu: nisije nikagombana na wakubwa zangu kwa ajili yake, anajua nilivyomhangaikia.