Kadi ya Dabo Iliyorudi kutoka Kimali

Nilipopunguzwa kazi ya kupiga taipu kwenye ofisi ya ushirika wa pamba, wanunuzi binafsi walikuwa wamekwisha kuingia na mizani yao, na maduka ya Bariadi yaliyozoea kuuza chumvi na vumbi yalikuwa yamefurika. Sabuni tuliyoipangia foleni miaka yote sasa ilirundikwa hadi darini, tena ya rangi tatu. Zilikuwa enzi za ruksa: ruksa kuuza, ruksa kuvaa, ruksa kuoa kwa mbwembwe. Nikatazama zile riboni, maputo na karatasi laini za chooni za rangi ya waridi zilizokuwa zikiletwa kutoka Mwanza, nikaona mkate wangu.

Kabla ya hapo harusi ilijipanga yenyewe. Wanawake walipika, wanaume walichinja, na aliyesikia kuna harusi alikuja. Lakini sasa watu wa ofisini walitaka ukumbi, keki ya ghorofa, emsii mwenye tai, na mtu wa kusimamia yote hayo. Mimi nilikuwa nimehudhuria harusi tatu za Mwanza, zote kwenye viti vya nyuma, na hiyo ikanitosha kujiita mtaalamu. Nikiwa na hasira za kuachishwa kazi na kiburi cha kusafiri, sikuambilika.

Aliyenipa kazi ya kwanza alikuwa mwalimu wangu wa darasa la nne. Mama huyo alikuwa anamwoza binti yake mkubwa. Mwalimu huyu aliwahi kunichapa kwa sababu ya jedwali la saba, na alinikabidhi harusi ile kama anayenipa zoezi la nyumbani: alitaka usafi, alitaka mpangilio, na alitaka kuliona daftari kila Ijumaa. Nilimpenda hivyohivyo. Mpaka leo nikikosea jambo husikia sauti yake kabla ya sauti ya mteja.

Kitu nilichojivunia kuliko vyote ni kadi. Nilizichapisha Shinyanga, zenye njiwa wawili waliofanana na kuku, na mstari uliosema "Bw. na Bi." ukifuatiwa na nukta za kuandikia jina. Kwenye pembe kulikuwa na neno: SINGO kwa mtu mmoja, DABO kwa wawili. Asiye na kadi asingeingia. Kamati ya harusi, wanaume watupu, ikaniletea orodha, nami nikaandika usiku na mchana kwa mwandiko wangu wa kiofisi. Kaka mkubwa wa baba wa bibi harusi, mfugaji wa kijiji cha Kimali huko Meatu, nikampa dabo. Nikaipeleka kwa dereva wa lori la pamba, nikahesabu nimemaliza.

Siku nane kabla ya harusi kadi ilirudi na dereva yuleyule, ikiwa imekunjwa mara nne.

"Mzee anasema umchagulie," dereva akaniambia.

"Nimchagulie nini?"

"Mke. Ana watatu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikaona ni kisa cha kuwachekesha watu, nikakimbilia kwa mwalimu. Bibi harusi alikuwa barazani akijaribu viatu. Nilipomaliza kusimulia hakucheka hata kidogo. Akauliza, "Kwa hiyo mayu haji?"

"Mayu si yuko jikoni anachambua mchele," nikamjibu.

"Yule ni mama. Mimi nasema mayu."

Hapo ndipo nilipoelezwa jambo ambalo kamati yote haikuona haja ya kuniambia. Mwalimu alipokwenda chuo cha ualimu, binti akiwa bado ananyonya, alimpeleka Kimali. Mke wa kati wa yule mzee hakujaaliwa mtoto. Ndiye aliyembeba, akamlisha maziwa, akamfundisha kutembea na kusema, mpaka alipofikisha umri wa shule. Kwa hiyo binti alikuwa na mama wa Kiswahili na mayu wa Kisukuma, na maana ilikuwa moja ila wanawake walikuwa wawili.

"Kama haji," akaniambia taratibu huku akivua kiatu, "mimi siingii huo ukumbi wako."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele. Hakunikemea, na hilo liliniuma zaidi ya fimbo.

Kesho yake nilidandia lori hadi Maswa, nikapata lingine la kwenda Meatu, na kipande cha mwisho nikakimaliza kwa miguu, kadi mpya zikiwa ndani ya mkoba. Mzee nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, nyumba tatu zikiwa zimemzunguka. Nikapiga goti, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, ng'wanone. Mhola?" akaitikia, akiniita mwanawe na kuniuliza kama ni salama.

"Mhola."

Tukaulizana kwanza juu ya mvua, ng'ombe, na afya za watu wa Bariadi mmoja mmoja. Ndipo akasema, "Karatasi yako inanitaka nichague. Nimekaa na hawa miaka yote hii sijachagua. Leo nichague kwa ajili ya sahani ya pilau?"

Mke mkubwa, aliyekuwa akikoboa mahindi kando yetu, akanijibia. "Kidesturi hakuna cha kuchagua. Ninakwenda mimi, kwa kuwa mimi ndiye wa kwanza. Na mimi nikienda, yule anabaki." Akaelekeza kidevu kwenye nyumba ya katikati. "Mzee hawezi kumwambia abaki. Mimi pia siwezi. Kwa hiyo tumesema tubaki wote."

Kutoka nyumba ile akatoka mwanamke mwembamba na kibuyu cha maziwa ya mgando. Aliniwekea, akapiga goti na yeye, akauliza jambo moja tu: "Mtoto anakula vizuri?" Nikasema anakula. Nilidanganya, tangu jana yake alikuwa hajagusa chakula. Nilijisikia vibaya kuliko siku niliyopewa barua ya kuachishwa kazi, maana kosa hili lilikuwa langu mwenyewe, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Aliyetuokoa ni mke mdogo, msichana mcheshi aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango akisikiliza. "Hiyo dabo ni watu wawili, si ndiyo?" akauliza. "Basi tupe sisi. Kila mmoja dabo yake. Mtu wake wa pili ni mume wake."

Mke mkubwa akaanza kucheka, mzee akafuata, akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo mimi nitaalikwa mara tatu!"

"Mara tatu, baba," nikasema, na hapohapo nikatoa kalamu. Nikazifuta zile "Bw. na" kwenye kadi tatu, nikaandika juu ya goti langu: Bi. Fulani na mumewe. Mke wa kati aliipokea yake kwa mikono miwili na kuitazama kwa muda mrefu. Hakujua kusoma. Akaniomba nimwonyeshe jina lake limekaa wapi, nikamshika kidole nikakiweka pale.

Siku ya harusi, saa tisa alasiri, ukumbi wa shule ulikuwa umejaa na bibi harusi amekaa kwenye gari nje, amekataa kushuka. Emsii alirudia utani wake wote mara mbili. Nilisimama barabarani juani na ratiba mkononi, nikimwomba Mungu alete lori. Likaja, limejaa vumbi, watu wanne wamesimama nyuma yake kwa fahari. Mjumbe wa kamati mlangoni akapokea dabo tatu, akahesabu watu sita, akaona wanne, akaanza kuuliza wengine wako wapi. Nilimwambia, kwa sauti ambayo sijivunii, akae kando.

Bibi harusi alishuka mwenyewe. Sikulazimika kumwita.

Ratiba yangu ilikwenda vizuri hadi kipengele cha tisa. Emsii akasoma nilichomwandikia: "Sasa tunamwomba mama wa bibi harusi aje mbele amkabidhi binti kwa mama mkwe." Mwalimu akasimama, akanyoosha kitenge chake, akapiga hatua mbili. Halafu akasimama tena. Akageuka, akaenda mpaka safu ya nyuma ambako watu wa Kimali walikuwa wameketi, akamshika mkono mke wa kati na kumwinua. Yule mwanamke alikataa kwa kichwa, akajaribu kukaa. Nilikuwa karibu, nikasikia mwalimu wangu akimwambia, kwa sauti ileile aliyoitumia darasani asipotaka kubishiwa:

"Nenda wewe. Mimi nilizaa tu."