Boya Lililojaa Petroli

Fundi mwenye adabu, akibadilisha spea, ile mbovu humpa mwenye chombo mkononi. Ndivyo nilivyofunzwa kwenye gereji moja ya Bwaise, mjini kwa Waganda, nilipotoka Kenya kutafuta kazi, na ndivyo kila mteja alivyotaka: aione, aishike, ajue hukumwibia. Desturi nzuri sana hiyo. Nikiikumbuka natamani kutema mate.

Enzi zile za wanajeshi, petroli ilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe tulikuwa tumeanza kusahau ladha yake. Mume wa dada yangu alikuwa sajini, mtu wa kaskazini, Mwislamu mpole aliyemsindikiza mkewe kanisani Lubaga kila Krismasi, kisha akamngoja nje akitafuna karanga. Kazi yake ilikuwa kuendesha boti ya jeshi ziwani, pale bandari ya Port Bell. Kila boti iliporudi, geji ya mafuta ilisema tangi tupu, na kapteni aliyeisimamia akatoa pipa jingine la petroli stoo. Stoo ilipokauka, mkubwa wa mjini akauliza mapipa yamekwenda wapi. Kapteni hakusita. Alisema sajini anayanyonya mafuta tangini na kuyauza magendo.

Dada alinijia gereji asubuhi, leso imemdondoka mabegani wala hana habari.

"Wamemfunga kamba," alisema. "Mkubwa anakuja mchana kuangalia geji kwa macho yake. Nimempigia kapteni magoti, amekubali ulete vyombo vyako."

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Geji ikiwa nzima, shemeji ni mwizi, na wakati ule mwizi wa mafuta ya jeshi hakupelekwa kwa hakimu. Alitiwa kwenye buti ya gari, habari zake zikaishia hapo. Geji ikiwa mbovu, tangi halikuwa tupu hata siku moja, na aliyekula mapipa ni mwingine.

Nilimkuta ameketishwa chini kwenye saruji ya gati, mkanda wamemvua, mikono nyuma. Aliniona akatabasamu, mjinga yule, kana kwamba nimemtembelea nyumbani.

"Mulamu," aliniita, kama Waganda wanavyomwita shemeji, "angalia muzuri. Mimi hapana kula mafuta ya mutu."

Niliangalia vizuri. Niliingiza fimbo tangini, ikatoka imelowa kupita nusu, na huku mshale wa geji umelala kwenye tupu. Nilichomoa waya pale juu ya tangi, nikaugusisha kwenye chuma cha boti. Mshale ukapanda mpaka mwisho. Basi geji yenyewe nzima, waya mzima, ugonjwa umo ndani ya tangi. Nikafungua skrubu, nikauvuta ule mkono unaobeba boya, lile la shaba ambalo kazi yake ni kuelea juu ya mafuta na kuupandisha mshale. Nililitikisa sikioni: chwa, chwa. Lilikuwa na ufa kwenye lehemu, limekunywa petroli likashiba, likalala chini. Tangi lijae lisijae, geji ingesema tupu.

Nilifurahi, sitaficha. Nililiinua juu shemeji alione, na dada aliyekuwa amesimama nyuma ya askari akaanza kulia na kumshukuru Mungu kwa sauti.

Kapteni akasogea. "Fundi, tia ingine. Mukubwa asikute boti mubaya."

Nilikuwa na boya la tangi la lori kwenye sanduku langu. Nikalifunga, mshale ukapanda polepole ukasimama palepale fimbo iliposema. Nikafuta mikono. Kapteni akanyoosha kiganja.

"Lete ile ya zamani. Si ndiyo kawaida yenu?"

Ndiyo kawaida yetu. Nikampa, akalitia mfukoni. Watu huniuliza kama najilaumu. Sijilaumu hata kidogo. Mwenye bunduki akidai kilicho chake, unampa. Namlaumu yeye, na nitamlaumu mpaka kaburini.

Mkubwa alifika, akawasha swichi, akatazama geji, akaagiza fimbo itiwe tangini. Fimbo na mshale vikapatana.

"Hii geji iko muzima," alisema.

"Afande," nikasema, "nimeitengeneza sasa hivi. Boya lake lilikuwa bovu. Nimemkabidhi kapteni."

"Mimi?" Kapteni alicheka. "Afande, hii Mukenya ni mulamu yake. Kwani atasema nini ingine?"

Na huku anacheka, petroli ilikuwa inamvuja mfukoni. Doa lilikuwa limeshuka kwenye suruali ile iliyopigwa pasi mpaka karibu na goti, na harufu ilitufikia sote pale gatini. Mkubwa alilitazama doa. Nilimwona akilitazama. Akavuta pumzi puani, akageuka akaangalia ziwa, kisha akasema sajini apelekwe kwenye gari.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Pale Port Bell ilikuwa ndefu kuliko reli, na wakubwa waliipita wakipigiana saluti. Shemeji hakurudi. Petroli ya magendo iliendelea kuuzwa Bwaise kutoka kwenye mapipa yaleyale ya rangi ya jeshi, na aliyeitwa mwizi hayupo. Tulikuwa tunainunua. Tungefanyaje?

Tangu siku ile sirudishi spea mbovu. Wateja hununa, wengine huniita mwizi, nami nawaacha waniite. Nazitupia kwenye sanduku chini ya meza ya kazi. Dada kila alipokuja gereji alikuwa akiliinamia sanduku hilo, anatoa vifaa kimoja kimoja, anavitikisa sikioni. Alijua lile boya halimo. Alikuwepo, aliona nikimpa kapteni. Lakini alitikisa, akasikiliza, akaniinulia boya moja nilione.

"Ni hili?"

"Hapana, dada," nilimwambia. "Hilo ni la lori."