Moshi wa Ubani kwenye Karavani

Juzi pale Ruangwa nilimwona fundi akipaka lami paa la basi bovu lililogeuzwa mgahawa. Harufu ile ikanirudisha Naipingo, kwenye karavani, kijumba cha bati chenye magurudumu, tuliyopewa baba alipohamishiwa kufundisha huko. Mpima ardhi aliyekaa humo kabla yetu alifia kitandani, na kila mvua iliponyesha, maji yalidondokea kitanda hichohicho.

Alasiri moja mama aliweka chetezo cha ubani ndani, akafunga mlango na madirisha. Mimi ubani niliujua wa dua za marehemu tu.

"Angalia moshi utatokea wapi, mwanangu," baba akaniambia tukiwa nje.

Ulitokea juu ya mlango, mbali kabisa na kitanda. Baba akapaziba kwa lami. "Sasa hapaingii kitu, hapatoki kitu."

Leo najua maji huingia huku, yakatambaa chini ya bati, yakadondokea kule. Siku ile nilijua tu kwamba tumemfungia marehemu ndani, na sisi tunalala humo.

Wazazi walipokwenda kisimani, nilipanda juu ya kinu, nikaitoboa lami kwa msumari ingali laini. Hewa ya ubani ikanigusa shavuni, vuguvugu kama pumzi ya mtu.

Nikasogea pembeni, nikamwambia, "Pita."