Blanketi la Wangwe

Kila Desemba, kabla watu hawajatawanyika kwenda makwao, waendesha bodaboda wa steji yetu hapa Migori hukutana kando ya kibanda changu cha chai, na kila mmoja husimama kusema mwaka umemfunza nini. Wangwe ndiye aliyeanzisha jambo hilo alipochaguliwa kuwa mwenyekiti. Mimi huwasikiliza nikikaanga mandazi, na kusema kweli, mengi ni uongo mtupu. Huyu amejifunza uvumilivu, yule amejifunza kumtanguliza Mungu, na kesho yake wote wawili wanamgombania abiria mpaka maskini wa watu anararuliwa shati.

Mwaka huu Wangwe alisimama wa mwisho. Ili mjue kwa nini maneno yake yaliwachoma, lazima kwanza niwaambie yaliyotokea Agosti.

Mwezi huo alikufa Levis, mwenzao wa hapo hapo stejini, na mwili ukawa wa kupelekwa Lambwe. Huku kwetu mwendesha boda haendi kaburini peke yake. Zamani mwanamume akifa, ng'ombe walitolewa zizini wakakimbizwa, watu wakiwa na mikuki na matawi, wakipiga kelele ili kukifukuza kifo kitoke bomani. Siku hizi ng'ombe ni wachache na pikipiki ni nyingi. Kwa hiyo kifo hufukuzwa kwa honi. Pikipiki hufungwa matawi, wengine hupanda wawili wawili wakipeana migongo, na wale mafundi husimama wima juu ya kiti, mikono hewani, pikipiki ikijiendea.

Fundi mkuu wa kusimama alikuwa Wangwe. Honi yake pia ilikuwa kubwa kuliko zote, ya kulia kama ya basi. Mdogo wake, Bravin, alijifunza kwake, na mara nyingi niliwaona wakifanya mazoezi asubuhi barabara ikiwa tupu, Wangwe akicheka kwa fahari.

Siku ya kumsindikiza Levis, Wangwe alitangulia mbele ya gari la maiti. Bravin alikuwa nyuma kabisa. Kwenye kona ya kuteremkia Homa Bay, Bravin alisimama juu ya kiti na tawi mkononi, na hakukaa tena. Waliokuwa karibu naye walimkimbiza hospitalini. Walimpigia kaka yake simu, wakapiga tena na tena. Simu ililia mfukoni mwake njia nzima, asiisikie kwa sababu ya honi yake mwenyewe. Alifika Lambwe, akalizunguka boma na wenzake mpaka vumbi likaficha nyumba, akamwaga udongo kwenye kaburi la Levis. Aliitoa simu wakati wa kunawa mikono ili ale. Wakati huo Bravin alikuwa ameshapelekwa mochari.

Bravin naye alizikwa kwa honi. Wangwe hakuwa na nguvu za kukataa. Alikaa ndani ya gari pamoja na jeneza, akaziba masikio. Wiki iliyofuata aliing'oa ile honi akaitupa chooni.

Basi turudi kwenye mkutano wa Desemba. Siku hiyo Bonface, mwenzao mwingine, alikuwa amelala mochari akingoja kuzikwa Jumamosi baada ya Krismasi. Aligongwa na trekta la miwa lisilo na taa. Kwao ni mbele kidogo ya kwao Levis, barabara ni ile ile. Mama yake, Milka, alikuwa amekuja kupanga safari, amekaa kwenye benchi langu na leso imefungwa kiunoni.

"Mimi nimejifunza kitu moja tu," Wangwe alisema. "Honi haifufui mtu. Bonface tutampeleka pole pole. Kila mtu na helmeti, hakuna kusimama, hakuna kelele. Sitaki kuita mama mwingine mochari."

Mliosikia nyuki wakichokozwa mnajua kilichofuata.

"Chairman, unataka tumpeleke kama gunia ya viazi?" alifoka Omanga, mwembamba mmoja mwenye mdomo mrefu kuliko barabara ya Isebania. "Wewe uliingiwa na uoga tangu Bravin aende. Sisi hatuna uoga."

Wangwe alimgeukia Milka. Nadhani alikuwa amemtegemea yeye tangu mwanzo, maana ni mzazi, na mzazi anajua.

"Mama, waambie."

Milka aliinuka taratibu. "Wangwe, nyathina, mwanangu," alisema, "kijana yangu alikuwa mtu ya watu. Akiingia kwangu kimya, majirani watasema alikuwa mwizi. Mlilie yeye vile mlilia wenzake. Tafadhali."

Hapo mambo yakaisha. Mikono iliinuliwa, Omanga akawa mwenyekiti. Wangwe alivua koti lake la kung'aa lenye cheo cha mwenyekiti mgongoni, akalikunja vizuri, akamkabidhi. Nilitamani kummwagia Omanga chai ya moto. Lakini Milka sikuweza kumkasirikia, na hilo ndilo lililoniuma.

Asubuhi ya mazishi Wangwe alikuja kibandani na blanketi la kijivu, vipande vya kanga kuukuu vya kufungia majeraha na mtungi wa maji.

"Mama Edith, utanishikia hizi?"

"Kwani unaenda na wao?"

"Nitakuwa nyuma. Mara hii simu ikilia nitasikia."

Nilifunga biashara nikapanda nyuma yake, blanketi likiwa mapajani. Tulikwenda mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Mbele yetu msafara ulikuwa ukiyumba barabara nzima, matawi yakipepea, vijana wakisimama juu ya viti hata kwenye mteremko. Omanga alikuwa ndani ya koti lile, na kila aliposimama juu ya kiti, mgongo wa Wangwe ulikuwa ukikakamaa mbele yangu kama ubao.

Tulipokaribia ile kona alipunguza mwendo zaidi. Msafara ulikuwa umeshapita. Aliegesha kando, akashuka, akatazama. Kulikuwa na majani yaliyodondoka kwenye lami, na kuku mmoja akiyachakura. Hakukuwa na mtu.

"Asante Yesu," nilisema.

Wangwe aliwasha pikipiki.

Kule bomani walizunguka nyumba mpaka macho yakatuwasha. Milka alisimama mlangoni akapiga vigelegele, uso wake umekunjuka, na kwa mara ya kwanza nilimwona anafanana na mtu aliye hai. Sitasema uongo: ilimsaidia. Wangwe naye alimwona. Alisimama kando ya ua mpaka kaburi lilipofukiwa, hakula.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile halikuvunjika guu hata moja. Walirudi Migori wazima, wakipiga miluzi, na Omanga akapita karibu nasi akicheka.

"Mzee wa blanketi! Kuna mtu uliokota?"

Jina likamganda. Sasa hata abiria wanamwita Blanketi.

Siku ya kufunga mwaka, mchana, alikuja kunywa chai. Nilimrudishia blanketi lake. Sikuwa nimelifua kwa sababu halikuwa na uchafu. Tulitazama watu wakihangaika na kuku na soda, na kwa kutafuta neno la kusema nikamwambia kwamba leo kanisani tutaulizwa mwaka umetufunza nini.

"Utasema nini?" nilimuuliza.

Alizungusha kikombe.

"Pale kona, Mama Edith, nilikuwa naomba."

"Najua. Na Mungu alisikia, akawalinda."

"Hapana." Alikuwa bado anatazama kikombe. "Niliomba mmoja aanguke. Nilisema, Mungu, mguu tu. Mguu ya Omanga. Ndio waone. Na nilipopata kona iko tupu, nilisikia uchungu." Akakiweka kikombe chini. "Mwaka jana sikuwa mtu ya kuomba hivyo. Hiyo ndiyo mwaka imenifunza. Sasa nitasimama kanisani niseme hiyo?"

Nilimwonea huruma, lakini nilijua huruma yangu haitamfaa kitu. Nilimjazia kikombe.

Ng'ambo ya barabara, pale lami ilipo tupu, Omanga alikuwa amekusanya waendesha boda wapya waliojiunga na steji mwezi huo. Alisimama juu ya kiti cha pikipiki, mikono hewani, koti likimeremeta, akiwaonyesha jinsi ya kuteremka mlima.